Herufi Nazo ni Utamaduni

Tunapouzungumzia utamaduni wa taifa, kwa desturi hutajwa ngoma, mashairi, vinyago, mavazi na lugha. Ni mara chache kinatajwa kitabu chenyewe kama kitu kilichofanywa na mikono ya watu: karatasi yake, pambizo zake, jalada lake, na zaidi ya hayo sura ya herufi zake. Juu ya jambo hili wengi wetu tumezoea kusema kwamba herufi ni herufi. Maadamu zinasomeka, yatosha. Makala haya yameandikwa kuipinga kauli hiyo. Tunadai kwamba kuchagua sura ya herufi za kitabu cha Kiswahili ni kazi ya utamaduni sawasawa na kuchagua maneno yake, na kwamba taifa lililotumia nguvu nyingi kuisanifu lugha yake halina udhuru wa kuiachia mashine uchaguzi huo.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Msomaji akilitazama gazeti au kitabu kwa makini ataona kwamba herufi nyingi zina vistari vidogo vinavyofunga ncha zake, juu na chini, mfano wa nyayo zinazoishikilia herufi mstarini. Vistari hivyo wapiga chapa huviita serifu. Ziko pia herufi zisizo na vistari hivyo, zilizo kama fimbo tupu. Hizo huonekana sana katika vibao vya barabarani na matangazo. Vitabu virefu vya kusomwa, kwa karne tano na zaidi, vimechapwa hasa kwa herufi zenye serifu.

Lakini herufi zenye serifu nazo si za namna moja. Ziko za kale, zilizochongwa kwa kufuata mwendo wa kalamu ya mkono, kama zile za Nicolas Jenson huko Venice mwaka 1470 na za Claude Garamond, Mfaransa aliyefariki mwaka 1561. Ziko za kati, kama zile za John Baskerville wa Birmingham, aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1757. Ziko za baadaye, za ukoo wa Didot wa Paris na za Giambattista Bodoni wa Parma, ambazo nguzo zake ni nene sana na vistari vyake ni vyembamba kama unywele. Na ziko zilizotengenezwa katika karne ya 20 kwa kazi maalumu: za gazeti, za vitabu vya shule, za mashine za ofisini. Basi anayesema herufi ni herufi ni kama asemaye nguo ni nguo, akampa mvuvi joho la harusi aendalo baharini.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Mwandishi wa Kiswahili huhangaika mwaka mzima kulitafuta neno linalofaa. Mhariri hubishana naye juu ya nukta na mkato. Kisha mswada hufika kwa mpangaji wa kurasa, naye huufungua katika kompyuta, na sura ya herufi inayokutwa mle ndiyo inayotumika. Kwa miaka mingi sura hiyo ilikuwa Times New Roman, kwa sababu tu programu za kuandikia zilikuja nayo. Hakuna aliyeichagua. Ilikutwa. Nasi twasema kwamba kitu kinachokutwa tu, hata kiwe kizuri namna gani, hakijawa utamaduni wetu mpaka tukipime na kukikubali au kukikataa.

Hebu tuipime. Times New Roman ilitengenezwa Uingereza chini ya uongozi wa Stanley Morison, ikachorwa na Victor Lardent, na ikatumika kwa mara ya kwanza katika gazeti la The Times la London tarehe 3 Oktoba 1932. Ilikusudiwa kuingiza maneno mengi katika safu nyembamba za gazeti bila kumchosha msomaji, na kazi hiyo iliifanya vyema. Lakini gazeti lile lile lililoizaa liliiacha mwaka 1972, likachukua sura nyingine, kwa kuwa hali ya uchapaji wake ilikuwa imebadilika. Wenye nayo waliitazama kazi yao wakaona vema kubadili. Sisi ambao hatukuwa na gazeti hilo wala mashine zake tumeendelea kuing'ang'ania katika vitabu vya mistari mipana, ambamo hapana haja ya kuzibana herufi hivyo. Huko si kuheshimu mapokeo, bali ni kuwa mtu wa mwisho kuvaa nguo ambayo mwenyewe ameivua.

Wako watakaotujibu kwamba herufi hizi zote ni za kigeni, na kwa hiyo hakuna la kitaifa katika kuchagua baina ya mgeni huyu na yule. Jibu hili lina sura ya uzalendo, lakini ndani yake mna uvivu. Kitabu, kalamu na karatasi ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu. Chapa lilitoka Bara Hindi. Shule tuliliacha kwa Wajerumani likabaki kwetu. Hakuna anayesema leo kwamba maneno hayo si Kiswahili. Yamekuwa yetu kwa sababu tumeyatia katika ngeli zetu, tukayatamka kwa ulimi wetu, tukayafanyia kazi. Herufi nayo huwa yetu kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kuifanyia lugha yetu kazi inayoitaka.

Tena si kweli kwamba watu wa pwani hii hawakujali sura ya maandishi. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Aliyeyachonga hakutaka yasomeke tu. Aliyapa herufi ncha zilizosukwa na kupindwa kwa ustadi mkubwa. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kutiwa nakshi za rangi. Kwa karne nyingi tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na waandishi waliokuwa na mkono wao na fahari yao. Uzembe wa herufi, basi, si urithi wetu. Umetuingia baadaye, pale maandishi yalipokuwa kazi ya kiwanda ambacho si chetu.

Hati za Kirumi zilishika nafasi katika Kiswahili kwa nguvu ya misioni na serikali za kikoloni. Wamisionari wa UMCA walikuwa na matbaa Unguja, na hapo lilitolewa gazeti la Msimulizi mwaka 1888. Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, nayo ikasanifu tahajia kwa msingi wa Kiunguja. Tangu hapo tumebishana sana, na kwa faida, juu ya tahajia na istilahi. Lakini vifaa vilivyotumika kuandika tahajia hiyo vilikuwa vimepangwa kwa lugha nyingine. Sanduku la herufi za risasi la Kiingereza lina kijumba kimoja kikubwa kuliko vyote, nacho ni cha herufi e, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi katika lugha hiyo. Sasa tuchukue sentensi hii ya kawaida: Wanakijiji walikaa barazani wakamsikiliza mwalimu. Ina herufi 45. Kati ya hizo, a ni 12, na e haimo hata moja. Msomaji ahesabu mwenyewe. Lugha yenye umbo la namna hii haiwezi kuazima vipimo vya jirani bila kujiuliza.

Natueleze basi Kiswahili kinataka nini kwa herufi zake. Tutataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni hiyo a. Kwa kuwa ndiyo inayoongoza katika lugha yetu, tumbo lake lazima liwe pana na wazi. Sura ya Garamond ni nzuri ajabu, lakini tumbo la a yake ni dogo, na jicho la e yake ni dogo vile vile. Ukiipiga chapa kwa udogo, juu ya karatasi inayonywa wino, tumbo hilo huziba likawa doa. Katika lugha nyingine madoa hayo yangetawanyika huku na huko; katika Kiswahili yatajaa ukurasa mzima.

Jambo la pili ni usawa wa maneno yetu. Katika lugha nyingi msomaji husaidiwa na herufi zinazopanda juu, kama k, l na t, na zinazoshuka chini, kama g, p na y. Sisi nasi tunazo, lakini tunayo pia maneno mengi yasiyo na hata moja. Tazama: wanaume wameanza mavuno. Hakuna kilichopanda, hakuna kilichoshuka. Maneno yote matatu ni kama ukuta wa urefu mmoja. Hapo jicho halina pa kushika ila tofauti ndogo za n na u, za a na o. Tena lugha yetu huweka maana kubwa katika herufi moja. Ameoa, ameona, ameua: wa kwanza hupelekewa pongezi, wa pili huitwa shahidi, na wa tatu hukamatwa. Aliyewahi kusahihisha prufu anajua kwamba mzaha huu si mzaha. Kwa hiyo herufi zetu ndogo zinataka kimo cha kutosha, na serifu zinazoonyesha wazi n imefunguka wapi na u imefunguka wapi.

Jambo la tatu ni I na l. Katika herufi nyingi zisizo na serifu, I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili zisizo na tofauti ya maana. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni ya kila siku, maana ni sentensi ngapi zinazoanza kwa Ili, Ilikuwa, Ilipofika? Na wilaya ya Ilala, mtoto anayejifunza kusoma aitambueje, ikiwa mwanzo wa jina ni miti miwili iliyofanana? Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja kama serifu huharakisha usomaji, na ubishi wao haujamalizika. Sisi hatuuhitaji ubishi huo. Sababu yetu imo katika tahajia yetu wenyewe: serifu huipa I kichwa na nyayo, msomaji akajua anachokiona.

Jambo la nne ni urefu wa maneno, pamoja na ile alama ya ng'. Kiswahili hukusanya katika neno moja kile ambacho lugha nyingine hukisema kwa maneno manne au matano. Tutakapowafundisha ni neno moja, nalo lina herufi 18. Katika safu nyembamba iliyosawazishwa kingo zote mbili, maneno ya namna hii husababisha mapengo meupe yanayotiririka ukurasani kama mito. Ama ng', alama yake si pambo la kuwekwa popote. Ni sehemu ya herufi, kwani ndiyo inayotofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngozi. Ziko sura za herufi ambazo alama hiyo huacha uwazi mpana kiasi cha kulipasua neno, na wako wapangaji wanaoweka mahali pake alama ya kufungulia nukuu. Anayechagua sura ya herufi kwa kitabu cha Kiswahili aanze kwa kupiga chapa maneno ng'ambo, nyang'anya na kung'oa, ayatazame, ndipo aendelee.

Baada ya lugha inafuata karatasi. Baskerville hakuchonga herufi tu. Alishughulikia pia wino mweusi zaidi na karatasi laini zaidi, kwa kuwa alijua kwamba vistari vyake vyembamba havingesimama juu ya karatasi mbovu. Herufi yake ilizaliwa pamoja na karatasi yake. Bodoni na Didot wanadai makubwa zaidi ya hayo. Sasa tunaona nini? Tunaona kitabu cha hadithi au cha historia kimepangwa kwa herufi za namna ya Bodoni kwa sababu mtu aliziona katika jarida la mitindo la Ulaya, lililochapwa kwa karatasi inayong'aa. Kwetu kikapigwa chapa kwa karatasi ya bei nafuu; vistari vikakatika; m ikawa nguzo tatu zisizoshikana. Kisha mwalimu aliye na nakala moja kwa wanafunzi wengi akatoa fotokopi, na katika fotokopi hata kile kilichokuwa kimesalia kikatoweka. Jioni mwanafunzi akaifungua mbele ya kibatari au taa ndogo ya jua. Kesho yake tukasema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Tusiwalaumu vijana kabla hatujautazama ukurasa tuliowapa. Uzuri wa herufi hupimwa mahali itakaposomewa, mbali na meza ya msanifu. Wamarekani walilijua hilo mwanzoni mwa karne ya 20, pale Ginn and Company, wachapishaji wa vitabu vya shule, walipotaka sura ya herufi kwa ajili ya watoto, naye Morris Fuller Benton akawachorea Century Schoolbook: herufi pana, zenye matumbo wazi na vistari vyenye nguvu. Mwaka 1987 Matthew Carter alichora Charter, akizikusudia mashine za kuchapishia za wakati ule zisizoweza kuonyesha vistari vyembamba. Watu hao walianza kwa kuuliza: nani atasoma, kwa chombo gani, juu ya karatasi gani? Hilo ndilo swali tunalolidai.

Tunajua tutajibiwa kwa bei. Herufi pana hula karatasi, na karatasi ni fedha. Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini ukubwa wa herufi unaotajwa kwa pointi, ambapo pointi moja ni sehemu 1 ya 72 ya inchi, si ukubwa unaoonwa na jicho. Sura yenye herufi ndogo za kimo kirefu, kama Charter, ikipangwa kwa pointi 10 huweza kusomeka kama Garamond iliyopangwa kwa pointi kubwa zaidi. Mwenye kuchagua kwa akili anaweza kuokoa karatasi na macho kwa pamoja. Na pale panapohitajika safu nyembamba kweli, kama katika gazeti, hatukatai kwamba Times ina haki yake. Tunachokataa ni kuwa na dawa moja kwa kila maradhi. Wala gharama ya herufi zenyewe si kisingizio tena: Charis, iliyotokana na Charter, na Gentium, iliyochorwa kwa ajili ya lugha za mataifa mengi zikiwamo za Afrika, hutolewa bure kwa idhini ya wazi.

Limebaki kundi moja la kupingwa, nalo ni hatari kwa sababu husema kwa jina la utamaduni. Hawa hutaka kitabu cha Kiafrika kionekane cha Kiafrika, na kwa hiyo hutaka jalada lenye herufi nene, zenye pembe, kana kwamba zimechongwa kwa shoka. Yafaa wajue zilikotoka. Mfano maarufu wa herufi za namna hiyo ni Neuland, iliyochongwa mwaka 1923 na Mjerumani Rudolf Koch kwa kiwanda cha Klingspor huko Offenbach. Haikutoka Kilwa wala Bagamoyo. Wachapishaji wa ng'ambo waliipachika katika majalada ya vitabu juu ya Afrika kwa sababu kwao ilifanana na msitu, ngoma na wanyama wakali. Nasi leo tunaikumbatia na kuiita asili yetu! Huu ni utumwa wa mawazo uliovishwa kanga. Mwandishi aliyetunga riwaya ya maisha ya mjini, yenye falsafa na huzuni ya watu wazima, huvalishwa herufi zinazomtangaza kuwa mtu wa porini. Heri herufi ya kigeni inayolitumikia neno letu kwa adabu kuliko ya kigeni inayojidai yetu na kutudhihaki.

Mataifa mengine hayakuliona jambo hili kuwa dogo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza herufi maalumu za matbaa yake, na kazi ya kuzisanifu ilianza mwaka 1692. Wajerumani walibishana juu ya hati zao za Kigothi hata ubishi ukafika katika bunge lao mwaka 1911. Hatusemi tuwaige; mfalme huyo alizikataza herufi zake kwa matbaa nyingine, nasi hatutaki herufi za kukatazwa. Tunasema tu kwamba si aibu kwa taifa kulijadili jambo hili kwa sauti.

Basi tunapendekeza nini? Wanaoagiza vitabu vya shule waitaje sura ya herufi katika maagizo yao, kama wanavyotaja idadi ya kurasa na unene wa jalada. Ukurasa wa mfano upigwe chapa kwa karatasi ile ile itakayotumika, utolewe fotokopi, na usomwe na wanafunzi wenyewe kwa mwanga walio nao, kabla kitabu kizima hakijapangwa. Vitabu viandike katika ukurasa wa mwanzo jina la herufi zilizotumika na la aliyezipanga, ili kazi ijulikane kuwa kazi. Na vijana wetu wenye vipaji vya kuchora wafundishwe kwamba herufi nazo huchorwa na watu. Kutoka hapo haitakuwa ajabu siku moja kuona sura ya herufi iliyochorwa hapa tangu mwanzo, kwa kuanza na a, k na w, na ng' ikipewa nafasi yake.

Kwa walimu na wanafunzi tuna ombi jepesi zaidi. Chukueni vitabu vitatu vya Kiswahili vilivyo darasani. Tafuteni katika kila kimoja maneno ameoa, ameona na ameua, au mengine yanayokaribiana kama hayo. Yatazameni kwa hatua moja, kisha kwa hatua tatu, kisha taa ikiwa imepunguzwa. Andikeni ni kitabu kipi kilichowahudumia na kipi kilichowasumbua, na mseme kwa nini. Aliyefanya zoezi hilo mara moja hatasema tena kwamba herufi ni herufi. Atakuwa amejifunza kukidai kitabu kinachomheshimu, na msomaji anayejua kudai ndiye atakayewalazimisha wachapaji kuchagua.